Mwongozo wa Kumtunza Mwanafunzi Mmoja

MAMA KIBIBI: Haloo? Nani mwenzangu?

MWALIMU: Haloo. Je, naongea na Mama Kibibi?

MAMA KIBIBI: Ndiye. Sema kwa nguvu, hapa kuna mashine za kufulia. Nani?

MWALIMU: Ni Mwalimu Mkuu Msaidizi, kutoka shuleni.

MAMA KIBIBI: Eh! Shikamoo, mwalimu. Kibibi ana nini?

MWALIMU: Marahaba, mama. Habari za kazi?

MAMA KIBIBI: Nzuri. Kibibi ana nini?

MWALIMU: Na nyumbani hawajambo?

MAMA KIBIBI: Hawajambo wote, mwalimu, hata paka hajambo. Mwanangu ana nini?

MWALIMU: Tutafika hapo, mama, kwa mpangilio. Kwa kuwa simu hii nimeiweka kwenye spika, utaratibu unanitaka nikutajie kwanza waliopo hapa ofisini. Nipo mimi, katibu wa Kamati ya Matunzo. Yupo Mwalimu wa Michezo. Yupo Mpishi wa shule. Yupo Mlinzi wa geti, ambaye aliteuliwa kwa sababu kamati ilihitaji mtu mwenye filimbi. Mwenyekiti, yaani Mwalimu Mkuu, hayupo kwa udhuru: ameketi na mgeni rasmi chini ya turubai. Jumla wanne. Akidi imetimia.

MAMA KIBIBI: Yuko hai?

MWALIMU: Mwenyekiti?

MAMA KIBIBI: Mwanangu!

MWALIMU: Yu hai, mama, na ni mzima. Kwa kweli uzima wake ndio ajenda.

MAMA KIBIBI: Uuuh. Mwalimu, utaniua. Mimi nimeshavua aproni, nilikuwa naanza kukimbia.

MWALIMU: Ivae tu. Jambo lenyewe ni hili. Leo, kama ulivyoarifiwa kwa barua, ni Siku ya Michezo. Ratiba ilikwenda vizuri mpaka mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa mwisho wa darasa la sita aliteguka kifundo cha mguu jana, na leo darasa limemleta mwingine wa kujaza nafasi. Aliyeletwa ni mwanafunzi husika.

MAMA KIBIBI: Husika na nini?

MWALIMU: Na Mwongozo. Ni Kibibi.

MAMA KIBIBI: Kibibi wangu? Akimbie? Mtoeni!

MWALIMU: Ndiyo sababu tumepiga. Amekaa chini.

MAMA KIBIBI: Ameanguka!

MWALIMU: Amekaa, mama. Kwa hiari. Amekunja miguu katikati ya njia ya tatu, hatua mbili nyuma ya mstari wa kupokelea kijiti, namba ameibandika kifuani, na alipoambiwa atoke amesema hatoki. Mbio zimesimama kwa dakika kumi na moja.

MAMA KIBIBI: Si mumshike mkono, mumwondoe? Watu wazima wanne?

MWALIMU: Hapo ndipo tulipokwama. Kuna kifungu cha tano. "Mwanafunzi husika asivutwe, asisukumwe, asinyanyuliwe, wala asishikwe kwa namna yoyote inayoweza kumshtua." Mwalimu wa Michezo aliponyoosha mkono, mwanafunzi husika alimsomea kifungu hicho kwa kichwa, pamoja na namba ya ukurasa.

MAMA KIBIBI: Hee.

MWALIMU: Kwa kichwa, mama. Sikujua kama kuna mtu aliyewahi kukisoma.

MAMA KIBIBI: Basi mfokeeni.

MWALIMU: Kifungu cha sita.

MAMA KIBIBI: Mtishieni kwamba mtaniambia mimi.

MWALIMU: Cha sita hichohicho, aya ya pili. Kamati imeona njia iliyobaki ni mzazi, maana mzazi hakuwekewa kifungu. Tunaomba umwamuru atoke. Nitaisogeza simu hii kwenye kipaza sauti, sauti yako itasikika uwanja mzima, naye hatakuwa na pa kujificha.

MAMA KIBIBI: Niweke. Niweke sasa hivi. Nitamwamuru mpaka —

MWALIMU: Subiri kidogo, mama. Kipaza sauti kinatumiwa na mgeni rasmi. Aliombwa aseme machache kujaza muda. Kwa sasa yuko kwenye utoto wake.

MAMA KIBIBI: Atamaliza lini?

MWALIMU: Bado hajaota meno. Mwalimu wa Michezo, tafadhali rudi uwanjani ukamuulize mwanafunzi husika msimamo wake ni upi. Usimguse. Andika.

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA KIBIBI: — sikii. Haloo?

MWALIMU: Nakusikia, mama.

MAMA KIBIBI: Nasema, mwalimu, mimi sina ugomvi na michezo. Lakini nyie hamkumwona mwaka jana. Unamwamsha mtoto aende shule, macho hayafunguki, uso umejaa, miguu imevimba mpaka kiatu hakiingii. Nilikikata kile kiatu kwa mkasi wa kitambaa. Mkojo una povu kama maji ya sabuni. Wiki tano wodini tukiambiwa figo, figo, mimi nilidhani figo ni za wazee.

MWALIMU: Tunakumbuka vizuri, na barua yako tuliichukulia kwa uzito wake. "Asikimbie, asiruke, asibebe kitu, asichoke." Ulituletea mstari mmoja. Nikatoa kurasa ishirini na mbili.

MAMA KIBIBI: Kurasa?

MWALIMU: Likizo nzima. Vifungu kumi na saba, na mwishoni kuna faharasa. Nakala moja iko ofisini, moja jikoni, moja kwenye kibanda cha geti, na moja imetundikwa darasani.

MAMA KIBIBI: Darasani? Ukutani?

MWALIMU: Imewekwa plastiki, isichafuke.

MAMA KIBIBI: Mh. Asante, mwalimu. Sikujua kama mmehangaika hivyo.

MWALIMU: Si haba. Hakuna mwanafunzi anayetunzwa kama yeye. Wenzake wakiwa uwanjani yeye ana kiti chake pembeni, kiti chenye mto, kina mwavuli, na kina kibao.

MAMA KIBIBI: Kibao cha nini?

MWALIMU: Kimeandikwa "Tafadhali Usiguse". Tulianza na "Hatari", Mpishi akashauri tulainishe lugha.

MAMA KIBIBI: Ndiyo...

MWALIMU: Kila Jumatatu anapimwa uzito, ili uvimbe ukianza tuuone mapema.

MAMA KIBIBI: Hilo zuri. Hata kliniki wanataka apimwe. Anapimwa ofisini?

MWALIMU: Gwarideni.

MAMA KIBIBI: Mbele ya watoto?

MWALIMU: Ndipo mzani unapoweza kufika. Ni mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga. Mpishi anasema nikuhakikishie kwamba ni sahihi, na kwamba gunia huondolewa kwanza.

MAMA KIBIBI: Endelea.

MWALIMU: Kwenda haja anaruhusiwa wakati wowote, kama ulivyoomba. Anasindikizwa na wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na daftari linasainiwa kutoka na kuingia. Muhula huu ni safari mia na arobaini na mbili. Kila Ijumaa kiranja anasoma jumla.

MAMA KIBIBI: Anamsomea nani?

MWALIMU: Darasa. Kwa uwazi.

MAMA KIBIBI: Na wenzake wanamchukuliaje?

MWALIMU: Kwa upendo mkubwa. Wamempa hata jina la — Samahani. Mpishi ananikonyeza.

MAMA KIBIBI: Jina gani?

MWALIMU: Ni utani wa watoto tu, mama.

MAMA KIBIBI: Jina gani, mwalimu?

MWALIMU: Yai.

(Mvuke wa pasi unafoka.)

MWALIMU: Haloo? Mama Kibibi? Mtandao umekatika?

MAMA KIBIBI: Nipo. Nimeunguza foronya.

MWALIMU: Pole sana.

MAMA KIBIBI: Ya hoteli. Imechapwa pasi katikati, kama unyayo. Msimamizi akiiona... Basi. Nyumbani hajawahi kuniambia. Kila siku namuuliza shule ilikuwaje, anasema nzuri, anaomba chai.

MWALIMU: Nasi tulidhani ameridhika. Fomu ya malalamiko ipo, hajawahi kuichukua.

MAMA KIBIBI: Ana rafiki?

MWALIMU: Ana wasindikizaji wawili, kwa zamu ya wiki.

MAMA KIBIBI: Nimeuliza rafiki.

MWALIMU: Mwongozo haukulitaja hilo.

MAMA KIBIBI: Lakini hata hivyo... hapana. Hata hivyo asikimbie. Jina ni jina tu, halivimbishi mtu miguu. Mtoto hajakimbia mwaka mzima, mwalimu, leo utamwingiza kwenye mashindano na miguu imelala? Si atadondoka hatua ya kumi?

MWALIMU: Hoja hiyo naiunga mkono, na ningependa iingie kwenye kumb— Naam, Mlinzi? Mlinzi amenyoosha mkono. Kwa ufupi, tafadhali. (kimya) Rudia. (kimya) Wiki ngapi? (kimya) Mlinzi, hebu kaa chini. Hapana, simama. Mama Kibibi, kuna taarifa ambayo haikuwa kwenye ajenda.

MAMA KIBIBI: Taarifa gani tena?

MWALIMU: Je, ni kweli kwamba unamwacha mtoto getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya zamu yako?

MAMA KIBIBI: Ndiyo. Akae kibandani kwa Mlinzi, asome. Ndivyo tulivyokubaliana.

MWALIMU: Mlinzi anasema husoma. Baada ya kuzunguka uzio.

MAMA KIBIBI: Kuzunguka?

MWALIMU: Kwa mbio. Wiki ya kwanza mzunguko mmoja, nusu anatembea. Sasa ni minne. Hii ni wiki ya tisa.

MAMA KIBIBI: Mlinzi! Mzee mzima! Unanisikia huko? Mimi nakuachia mtoto mgonjwa, nakwenda kazini nimetulia, kumbe wewe unan— Aibu huna? Ungemrudisha ndani!

MWALIMU: Anakusikia, mama. Ameinama. Anasema alimkataza, mtoto akamjibu kwamba hakimbii, anatembea haraka.

MAMA KIBIBI: Naye akaamini?

MWALIMU: Anasema alipitwa mara tatu kabla hajamaliza kufikiria.

MAMA KIBIBI: Usicheke, mwalimu, nakusikia unacheka!

MWALIMU: Ni Mpishi. Nimemwonya.

MAMA KIBIBI: Na maji? Anakimbia, anapata kiu, anakunywa hovyo, hajui —

MWALIMU: Anasema ana chupa yenye mistari ya kalamu. Kila mzunguko anakunywa mpaka mstari mmoja, anafunga. Kisha anakaa kwenye ngazi ya kibanda, anashusha soksi, anabonyeza mguu hapa mbele kwa kidole gumba, anaachia, anaangalia kama shimo linabaki.

MAMA KIBIBI: Hilo nilimfundisha mimi. Shimo likibaki, ni uvimbe.

MWALIMU: Mlinzi anasema shimo halijawahi kubaki. Lingebaki siku moja tu angekuja kwako kwa miguu yake, ndivyo anavyoapa.

MAMA KIBIBI: Wiki tisa.

MWALIMU: Tisa.

MAMA KIBIBI: Nami namfulia soksi hizo, najiuliza huyu mtoto anayekaa kwenye kiti nyayo anazitoboa kwa kitu gani. Mwalimu.

MWALIMU: Naam.

MAMA KIBIBI: Muulize anakimbiaje.

MWALIMU: Mlinzi, mwanafunzi husika anakimbiaje? (kimya) Anasema anakimbia kama mtu aliyesahau kitu mahali, na anajua kabisa ni wapi.

(Mtandao unakwaruza. Makofi machache kutoka mbali.)

MAMA KIBIBI: Makofi ya nini hayo? Amesimama?

MWALIMU: Hapana, mgeni rasmi ameanza darasa la kwanza. Karibu, Mwalimu wa Michezo. Umeupata msimamo wake? Soma. (kimya) Hiyo ndiyo yote? Mama Kibibi, ujumbe wa mwanafunzi husika ni mfupi, nausoma kama ulivyoandikwa. "Mwambieni mama barua iko kwenye mkoba wake mweusi, mfuko wa zipu, pamoja na kadi ya kliniki."

(Mvuke wa pasi unafoka.)

MWALIMU: Mama Kibibi?

MAMA KIBIBI: Mtandao... simu inakatakata... sikusikii vizuri.

MWALIMU: Mimi nakusikia vizuri sana, mama.

MAMA KIBIBI: Kuna mvuke hapa.

MWALIMU: Mvuke hauzuii simu. Barua ipi?

MAMA KIBIBI: Mwalimu, mimi niko kazini, nina mashuka sitini mezani —

MWALIMU: Barua ipi, mama? Nina sababu ya kuuliza. Mwezi uliopita nilikuandikia kuomba ripoti ya kliniki, ukajibu kwamba daktari hajasema lolote jipya. Niliiweka kwenye faili.

MAMA KIBIBI: Ya daktari. Alinipa wiki tatu zilizopita. Sikudhani Kibibi ameiona, ilikuwa kwenye bahasha. Nilitaka kuileta, mwalimu. Kila asubuhi natoka nayo, namshusha pale getini, naushika mkoba, halafu narudi nayo. Nasema kesho.

MWALIMU: Inasema nini?

MAMA KIBIBI: Inasema yuko sawa.

MWALIMU: Na hilo ndilo ulilolificha?

MAMA KIBIBI: Hata ile siku moja kabla ya kuvimba alikuwa sawa! Aliruka kamba jioni nzima. Daktari anaongea na vipimo, mimi ndiye ninayefungua mlango asubuhi kuangalia uso. Nyie mna kurasa ishirini na mbili, mimi nina ule mlango.

MWALIMU: Mama Kibibi, mkoba uko karibu?

MAMA KIBIBI: Uko chini ya meza.

MWALIMU: Isome, tafadhali. Polepole, naandika.

MAMA KIBIBI: Ngoja nifute mikono... Zipu hii nayo... Haya. "Kwa Mwalimu Mkuu. Yah —"

MWALIMU: Samahani, ina muhuri?

MAMA KIBIBI: Upo.

MWALIMU: Wa namna gani?

MAMA KIBIBI: Mwalimu! Wa duara. Wa bluu. Umelalia upande kidogo.

MWALIMU: Umegusa saini?

MAMA KIBIBI: Umeipanda nusu.

MWALIMU: Huo ni muhuri halali. Endelea.

MAMA KIBIBI: "Mtoto huyu anahudhuria kliniki ya figo. Kwa miezi minane vipimo vya mkojo na damu ni vizuri, na uvimbe haujarudi. Aruhusiwe kushiriki masomo na michezo yote pamoja na wenzake, isipokuwa ile ya kupigana na kugongana. Mbio zinamfaa. Apumzike anapojisikia kuchoka, si kabla. Anywe maji kwa kiasi alichoelekezwa, anakijua. Aende chooni bila masharti. Chumvi aendelee kupunguza." Halafu... "Kwa swali lolote shule imuulize kwanza mtoto mwenyewe, anaujua ugonjwa wake kuliko wengi wetu." Basi.

MWALIMU: Hakuna tena?

MAMA KIBIBI: Kuna mstari chini. "Mzazi awasilishe barua hii ndani ya siku tatu."

MWALIMU: Barua hii inafuta kifungu cha kwanza.

MAMA KIBIBI: Ndiyo.

MWALIMU: Na cha pili, na cha tatu. Cha tano ambacho amekikalia sasa hivi. Cha nane, cha usindikizaji... cha kumi na moja, kiti... Mama, barua hii inafuta Mwongozo mzima.

MAMA KIBIBI: Wote?

MWALIMU: Isipokuwa cha tisa, chumvi. Mpishi anapongezwa na wajumbe. Unajua, mama, nilipokuwa nauandika nilimfikiria sana mtoto huyu. Kila nilipofika mwisho wa ukurasa nilijiuliza, ni nini kingine kinaweza kumdhuru? Nikakipata. Nikakiandika.

MAMA KIBIBI: Najua, mwalimu. Mimi hufanya hivyohivyo, ila siandiki.

MWALIMU: Kumuuliza yeye haikunijia.

MAMA KIBIBI: Wala mimi.

(Mtandao unakwaruza.)

MWALIMU: Sasa kuna ugumu wa utaratibu. Kubadili Mwongozo kunahitaji taarifa ya siku kumi na nne.

MAMA KIBIBI: Siku kumi na nne atakuwa bado amekaa hapo!

MWALIMU: Mwalimu wa Michezo anasema wakimbiaji wengine wanaanza kupoa, na kwamba mgeni rasmi amekaribia sekondari. Nipeni faharasa. "Mzazi"... "mzani"... "mzazi, kauli ya". Ukurasa wa mwisho. Hiki hapa, cha kumi na saba. "Kauli ya mzazi, ikitolewa mbele ya wajumbe walio wengi, inaweza kusimamisha kifungu chochote papo hapo." Nilikiweka ili Mwongozo ukamilike, sikutarajia kitatumika. Mama, wajumbe wanakusikiliza. Toa kauli.

MAMA KIBIBI: Niseme nini?

MWALIMU: Maneno yako mwenyewe. Kamati itayaandika.

(Mvuke wa pasi unafoka, unanyamaza.)

MAMA KIBIBI: Nikisema akimbie, akaanguka?

MWALIMU: Atakuwa ameanguka. Leo wameshaanguka watoto saba. Hakuna hata mmoja aliyeandikiwa kitabu.

MAMA KIBIBI: Na kesho akiamka amevimba?

MWALIMU: Utamwona, utampeleka kliniki, nami nitakuja kumwona wodini. Kama ambavyo ungefanya iwapo angeshinda kwenye kiti.

MAMA KIBIBI: Daktari naye alisema hivyo. Neno kwa neno. Nilikuwa naangalia mdomo wake tu.

MWALIMU: Hatukuharakishi, mama. Ingawa tunakuomba uharakishe.

MAMA KIBIBI: Yuko vipi sasa hivi? Mnamwona hapo dirishani?

MWALIMU: Tunamwona. Ameshusha soksi. Anabonyeza mguu.

MAMA KIBIBI: Anaonaje?

MWALIMU: Amepandisha soksi.

MAMA KIBIBI: Andika, mwalimu.

MWALIMU: Kalamu iko tayari.

MAMA KIBIBI: Akimbie.

MWALIMU: Tafadhali mtaje mhusika.

MAMA KIBIBI: Kibibi akimbie. Mimi mama yake nasema, mbele yenu nyote, mwanangu akimbie. Akichoka asimame mwenyewe, asisimamishwe na mtu. Na jioni barua naileta kwa mkono wangu, nikirudi nayo tena nyumbani mje mnifungie geti. Umeandika?

MWALIMU: Nimeandika, isipokuwa la geti. Wajumbe wanaokubali? Mwalimu wa Michezo. Mpishi. Mlinzi amenyoosha mikono miwili, nahesabu mmoja. Nami. Imepita.

MAMA KIBIBI: Haya... haya. Mwalimu, yule Msimamizi anakuja, ameiona foronya, ameiinua juu —

MWALIMU: Basi nikuage, mama, nami kipaza sauti kimeachiwa. Mgeni rasmi ameenda kunywa maji. Mwalimu wa Michezo, kipokee kabla hajarudi! Kwaheri, Mama —

MAMA KIBIBI: Usikate! Mwalimu, usikate, nakuomba. Iache hewani, iweke hapohapo kwenye meza ya kipaza. Naificha chini ya mashuka, nitasema nahesabu. — Naam, mkubwa, naja! Nahesabu! — Mwalimu, umesikia?

MWALIMU: Nimesikia. Salio langu ni la dakika sita, zinatosha mbio mbili. Nimefika mezani; nyamaza, mama, natangaza.

(Mwangwi. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

MWALIMU: Haloo, haloo. Moja, mbili. Mgeni rasmi, wazazi, walimu, wanafunzi. Kamati ya Matunzo imeketi, imesikiliza, na imeamua kwa kauli moja kama ifuatavyo. Mwanafunzi aliyeketi kwenye njia ya tatu hatatolewa. Anaombwa asimame, ajipanguse vumbi, na asubiri kijiti. Wakimbiaji wa kwanza, rudini kwenye mstari. Darasa la sita, nimesema asimame yeye, si nyie wote, kaeni. Na watazamaji mnaombwa, tafadhali, mtu yeyote asimpigie mwanafunzi huyu makofi mengi kuliko anayowapigia wengine.